Vyura wa madimbwi ya Kintinku na katazo la Mtume (s.a.w.)

  

Ndugu Waislamu, Kintinku ni mji mdogo wa wilaya ya Manyoni, mkoani Singida, kwenye Reli ya Kati na kando ya barabara kuu itokayo Dodoma kwenda Manyoni. Umekaa chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, katika tambarare inayoungana na bonde la Bahi, ambako maji ya mvua hayana njia ya kwenda baharini. Mvua ya huko ni ya msimu mmoja, kati ya Desemba na Aprili. Miezi mingine ardhi hukauka na udongo mweusi wa mbugani hupasuka hata mtu aweze kuingiza mkono katika nyufa zake. Kisha huja mvua kubwa ya kwanza. Maji hutuama kwenye mabonde madogo, kando ya tuta la reli, katika mashimo yaliyochimbwa udongo wa matofali na chini ya migunga, na usiku uleule baada ya sala ya Isha vyura huanza kulia kwa wingi.

Watoto huuliza: wametoka wapi, ilhali jana hapakuwa na chura hata mmoja? Wazee wengi huwajibu kwamba wameshuka na mvua. Jibu hilo ni jepesi, lakini si sahihi. Vyura hao walikuwa chini ya miguu yetu muda wote wa kiangazi, wamejichimbia ardhini, ndani ya vichuguu na katika mashimo ya miti, wakisubiri. Qur'an Tukufu inaturejesha mara nyingi kwenye ardhi iliyokufa ambayo Allah (S.W.) huihuisha kwa maji, na kuifanya kuwa ishara ya ufufuo (taz. 30:50 na 41:39). Mkazi wa Kintinku haitaji safari ndefu ili kuitafakari ishara hiyo. Aende tu kwenye dimbwi lililo karibu na nyumba yake.

Makala hii inahusu madimbwi hayo na viumbe wanaozaliana humo, kwa sababu ipo hukumu ya dini juu yao ambayo wengi wetu tumeisikia nusu.

Imepokewa na Imamu Ahmad, Abu Daud na An-Nasai, kutoka kwa sahaba Abdurrahman bin Uthman (r.a.), kwamba tabibu mmoja alimuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu kumtia chura katika dawa, na Mtume (s.a.w.) akakataza kumuua. Tuizingatie hali ya hadithi hii. Aliyeuliza hakuwa mtoto mwenye jiwe mkononi. Alikuwa tabibu mwenye haja inayoeleweka, naye pia alikatazwa. Kutokana na hadithi hiyo, wanachuoni wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu Afrika Mashariki, wamesema pia kwamba haifai kumla chura, kwa kuwa kilichokatazwa kuuawa hakiwezi kuchinjwa kwa kuliwa. Wanachuoni wa Maliki wana kauli nyingine katika suala la kula, nasi hatutaingia humo leo.

Yapo pia maneno mashuhuri yasemayo kwamba mlio wa chura ni tasbihi. Wengi huyanasibisha na Mtume (s.a.w.) mwenyewe, lakini wataalamu wa hadithi wamebainisha kwamba yaliyothibiti kwa sanadi ya kutegemewa ni kauli ya sahaba Abdullah bin Amr bin Al-As (r.a.). Ni vyema mwalimu wa madrasa aitaje hivyo anapowafundisha watoto. Hukumu ya kutomuua chura imekwisha kusimama kwa hadithi ya tabibu, wala haihitaji kuongezewa nguvu kwa kumnasibishia Mtume (s.a.w.) neno ambalo sanadi yake kwake ni dhaifu.

Kwa nini basi watoto wetu huwapiga vyura mawe mbele ya macho yetu? Sababu moja, kwa maoni ya mwandishi, ni kuchanganya viumbe. Ipo hadithi sahihi inayohusu kuuawa kwa mjusi wa nyumbani, yule ambaye Waswahili kwa sababu hiyo humwita mjusi kafiri. Mtoto akisikia hukumu ya kiumbe mmoja huieneza kwa kila chenye ngozi ya baridi: kenge, kinyonga, chura. Sababu nyingine ni kisa cha Firauni. Katika Surat Al-A'raf (7:133) vyura wametajwa pamoja na tufani, nzige, chawa na damu kuwa ni ishara walizopelekewa watu wa Firauni, na baadhi ya wazazi huwaambia watoto kwamba chura ni adhabu. Lakini mkosa katika kisa kile ni Firauni na watu wake. Chura alikuwa mjumbe aliyetumwa, naye alitii.

Sasa tuwatazame viumbe wenyewe, kwa kuwa mtu hawezi kukihifadhi asichokitambua. Tanzania ina aina zipatazo 200 za vyura. Lugha yetu ina neno moja tu, chura, kwa wote, na hilo hutufanya tudhani kwamba wote ni wamoja. Katika madimbwi ya nchi kavu ya kati mtu mwenye subira anaweza kutenganisha kadhaa bila kitabu, kwa kusikiliza sauti na kutazama mayai.

Wa kwanza ni yule mnene mwenye ngozi ya vipele, ajulikanaye sana karibu na nyumba, ambaye hukaa chini ya taa akisubiri wadudu. Sauti yake ni ya kukoroma. Mayai yake ni rahisi kuyatambua: ni kamba ndefu za ute zenye nukta nyeusi, zilizozungushwa katika majani ya majini kama uzi wa tasbihi uliokatika, na jike mmoja huweza kutaga maelfu kwa maelfu kwa usiku mmoja.

Wa pili ana mistari ya giza mgongoni na hupenda kutembea au kukimbia kuliko kuruka. Wataalamu humwita Kassina senegalensis. Ukisikia sauti moja moja inayopanda, kama maji yanayotoka katika chupa yenye shingo nyembamba, ndiye huyo. Viluwiluwi wake ni wakubwa, wenye mapezi marefu ya mkia, nao huhitaji muda mrefu zaidi kuliko wengine, miezi miwili au zaidi. Tutaurudia muda huo, kwani ndani yake mna jambo kubwa.

Wa tatu hatagi majini. Chura huyu wa mitini, wa jamii ya Chiromantis, hupanda tawi lililoinama juu ya dimbwi, na jike hutoa majimaji ambayo yeye na madume huyapiga kwa miguu ya nyuma mpaka yawe povu jeupe kama la sabuni. Mayai huwekwa ndani ya povu hilo. Nje hukauka na kuwa gamba, ndani hubaki unyevu. Baada ya siku tano au sita hivi, viluwiluwi hudondoka wenyewe katika maji yaliyo chini. Watoto hulichokoa povu hilo kwa fimbo wakidhani ni uchafu au mate ya nyoka. Lililoanguka katika udongo mkavu ndilo kaburi la kizazi kizima.

Wa nne ndiye apendezaye zaidi kwa macho: mweusi unaong'aa, mwenye mistari miwili myekundu au ya waridi ubavuni na madoa ya rangi hiyo miguuni na nyuma. Jina lake la kitaalamu ni Phrynomantis bifasciatus. Haruki, hutembea. Mchana na kiangazi hukaa katika vichuguu na mashimo ya miti. Mvua ikinyesha hutoka na kulia kwa mlio mrefu wa kutetema unaoweza kudhaniwa ni wa mdudu au ndege. Rangi zake ni onyo, kwani ngozi yake hutoa sumu. Wazazi wawaambie watoto wamtazame bila kumshika, na aliyemshika aoshe mikono kabla ya kugusa macho au chakula. Viluwiluwi wake ni kama kioo: wameangaza, huelea kwa makundi katikati ya maji bila kusogea sana, wakichuja chakula chao ndani ya maji.

Chura huyu mwenye madoa ana ndugu wa mbali katika misitu ya mashariki ya Amerika Kaskazini, aitwaye salamanda mwenye madoa. Yeye si chura. Ana mkia maisha yake yote na umbo la mjusi, ingawa ngozi yake ni laini na yenye unyevu. Kusini mwa Sahara hakuna salamanda hata mmoja. Waislamu wa Algeria na Morocco wanao milimani. Huyo wa Marekani ni mweusi mwenye safu mbili za madoa ya manjano mgongoni, na huishi chini ya ardhi karibu mwaka mzima. Katika usiku wa mvua za mwanzo wa majira ya kuchipua, wakati theluji inayeyuka, hutoka kwa mamia kwenda kwenye madimbwi ya msituni yasiyo na samaki. Ndani ya mayai yake huota mwani wa kijani unaoyapatia oksijeni, na mwaka 2011 watafiti walitangaza kuwa mwani huo huingia hata ndani ya chembe za mwili wa kijusi. Katika mji wa Amherst, jimbo la Massachusetts, mwaka 1987 zilijengwa njia ndogo chini ya barabara ili wapite bila kukanyagwa na magari. Watu wa huko hawana hadithi ya tabibu, lakini wameshaelewa kwamba kumlinda kiumbe wa namna hii ni kulilinda dimbwi lake.

Hapa ndipo hukumu tuliyoisikia nusu inapohitaji nusu ya pili. Mtoto akirusha jiwe anaua chura mmoja, na mara nyingi hukosa. Mtu mzima akimwaga oili chafu ya gari katika dimbwi, au akiosha humo bomba la kunyunyizia dawa ya mpunga, anaua maelfu kwa dakika chache, kisha huenda akakemea watoto kwa mawe yao. Chura hunywa na hata hupumua kwa ngozi. Kilichomo majini huingia mwilini mwake bila kizuizi.

Najua msomaji atasema: lakini dimbwi ni nyumba ya mbu, na malaria inaua watoto wetu. Hilo ni kweli na si jambo la kupuuzwa. Kuhifadhi nafsi ya mwanadamu ni katika malengo makuu ya sheria, na hakuna mwanachuoni atakayemwambia mama aliyefiwa na mwanawe kwamba chura ni bora kuliko mtoto. Ila tuulize kwanza: je, ni kweli kwamba dimbwi lenye vyura ndilo lenye mbu wa malaria?

Lugha yetu imetutega hapa pia. Mtoto wa mbu huitwa kiluwiluwi, na mtoto wa chura huitwa kiluwiluwi. Mwenye kuambiwa "ueni viluwiluwi" atawaua wote. Kumbe kuwatenganisha ni kazi ndogo. Kiluwiluwi wa mbu ni mwembamba kama kipande cha uzi, hakosi kuja juu ya maji kuvuta hewa, na ukitikisa chombo hujinyonganyonga kwenda chini. Yule wa mbu wa malaria hulala sambamba na uso wa maji, ilhali yule wa mbu wa kawaida wa vyooni na mitaroni huning'inia kichwa chini. Kiluwiluwi wa chura ana mwili wa mviringo na mkia bapa, na aghalabu yuko chini akikwangua tope na majani. Chota maji kwa bakuli jeupe, nawe utaona tofauti.

Mbu aenezaye malaria katika nchi kama ya Kintinku hupendelea zaidi maji madogo, mapya, yaliyo juani na yasiyo na maadui: alama za kwato za ng'ombe, mikondo ya magurudumu barabarani, vishimo vya uani. Humo yai huwa mbu kamili kwa wiki moja hadi mbili. Dimbwi lililodumu wiki nyingi hujaa wadudu wa majini, wakiwamo watoto wa kereng'ende, ambao hula viluwiluwi wa mbu. Majaruba ya mpunga ni suala zito zaidi, kwani humo mbu huzaliana kwa wingi, na hakuna chura atakayelimaliza. Wapo wanaodai kwamba vyura pekee wanatosha kuondoa mbu; hayo ni kutia chumvi. Kinachomlinda mtoto ni chandarua chenye dawa, kupimwa na kutibiwa mapema, na kufukia vile vishimo vidogo vinavyozunguka nyumba kabla wiki haijaisha. Pakihitajika dawa ya majini, ipo ya kibaiolojia inayolenga viluwiluwi wa mbu, inayotengenezwa katika kiwanda cha Kibaha kilichojengwa kwa ushirikiano na Cuba. Waulizeni maafisa afya wa kata kuhusu matumizi yake. Oili chafu haimo katika orodha hiyo. Huharibu maji ya mifugo, huua kila kivutacho hewa juu ya maji, na mvua inayofuata huisukuma kwa jirani.

Dini imetupa kinga nyingine ya dimbwi. Katika hadithi iliyomo ndani ya Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) amekataza mtu kukojoa katika maji yaliyotuama. Tunaijua hadithi hii katika mlango wa twahara. Katika mikoa yetu ina maana ya afya pia, kwani kichocho cha mkojo huenezwa hasa kwa njia hiyo: mayai ya minyoo hutoka na mkojo wa mgonjwa, huanguliwa majini, huingia katika konokono, kisha hutoka na kuitoboa ngozi ya anayeoga. Kijana anayechunga mbuzi na kujisaidia dimbwini anavunja katazo moja, na maudhi yake yanawafikia wenzake watakaoogelea hapo.

Na maji je, yanafaa kwa udhu ikiwa chura yumo? Swali hili huulizwa sana vijijini. Kwa madhehebu ya Shafi, kiumbe aliye hai ni twahara isipokuwa mbwa na nguruwe na kilichozaliwa nao. Hivyo chura hai akiruka ndani ya ndoo na kutoka, maji hayakunajisika. Akifia humo na maji ni machache, muulizeni imamu wenu, maana hapo kuna ufafanuzi. Twahara ni jambo moja na usalama wa kunywa ni jambo jingine: maji ya dimbwi yachemshwe, hata kama ni twahara. Kwa wakazi wa Kintinku na majirani zao, mradi wa maji wa Kintinku–Lusilile ulibuniwa kuhudumia vijiji 11 kwa mabomba. Bomba likifika, haja ya kunywa dimbwini huondoka, nalo dimbwi hubaki kwa ng'ombe, ndege na vyura.

Tuurudie muda, kama tulivyoahidi. Vyura wengine huhitaji wiki tatu mpaka tano tu tangu yai hadi kuota miguu, na yule wa mistari miezi miwili au zaidi. Dimbwi likifukiwa au kuelekezwa shambani katikati ya Februari, wa mwanzo watakuwa wamekwishatoka na wa mwisho watakufa wote. Kwa mwenye kuhitaji kusawazisha ardhi yake au kuchimba udongo wa matofali, tofauti kati ya Februari na Juni ni ndogo. Kwa chura ni uhai wa kizazi kizima.

Na hasara ya maji yao inaweza kuwa ya milele. Katika milima ya Udzungwa palikuwa na chura mdogo wa manjano aliyegunduliwa mwaka 1996, aliyeishi mahali pamoja tu duniani, katika manyunyu ya maporomoko ya mto Kihansi. Huyo hatagi mayai madimbwini. Huzaa watoto walio hai. Bwawa la umeme lilipoyachukua maji mengi ya maporomoko, na maradhi ya ukungu yakamwingia, alitoweka, na mwaka 2009 akatangazwa kuwa hayupo tena porini. Alisalimika kwa sababu mwaka 2000 walichukuliwa vyura 499 na kupelekwa Marekani kufugwa, na kizazi chao kilianza kurejeshwa Kihansi mwaka 2012. Taifa lilihitaji umeme, hilo halina ubishi. Lakini tazama gharama ya kukiokoa kilichokuwa kikiishi bure.

Katika Surat Al-An'am (6:38) tunafahamishwa kwamba wanyama wa ardhini na ndege ni umma kama sisi. Na katika Surat An-Nur (24:45) tunaambiwa kila mnyama ameumbwa kwa maji, wapo watambaao kwa matumbo, wapo waendao kwa miguu miwili na wapo kwa minne. Hatusemi kwamba aya hiyo inamzungumzia kiluwiluwi, kwani kuifasiri Qur'an kwa kubahatisha ni hatari. Lakini mzazi anaweza kumwonesha mtoto, katika bakuli lile jeupe, kiumbe asiye na mguu, wiki kadhaa baadaye mwenye miwili ya nyuma, kisha mwenye minne, halafu akamsomea aya na kumwacha atafakari. Bakuli lirudishwe dimbwini jioni ileile. Watoto wasiende peke yao: mashimo ya matofali yana vina virefu visivyoonekana, na nyoka aina ya kifutu naye huwinda vyura usiku.

Ikifika Mei maji hukauka. Chura mkubwa wa mbugani, yule ambaye huko kusini mwa Afrika dume lake limeonekana likichimba mfereji ili viluwiluwi wake wasikaukiwe, hujichimbia kwa miguu ya nyuma na kujifunika kwa ngozi yake mwenyewe iliyobambuka, akalala humo miezi mingi. Mkulima anayetayarisha shamba mwezi wa Oktoba humfukua pengine kwa jembe, akadhani ni donge la udongo au chura aliyekufa. Hajafa. Amrudishie kwenye shimo la kina kilekile pembeni ya shamba, upande wa kivuli, amfukie kwa udongo mlaini bila kumwagia maji, kwa kuwa maji yatamwamsha kabla ya mvua.